Mtu Aliyeishi Katika Mizani

Msomaji, kabla hujaendelea mbali, weka vidole viwili juu ya kifundo cha mkono wako, upande wa kidole gumba, uhesabu mapigo ya moyo kwa dakika moja. Huenda ukapata 70, huenda ukapata 85. Hesabu zote mbili ni za kawaida kwa mtu aliyetulia. Sasa jiambie kwamba hesabu uliyoipata si njema, kisha hesabu tena. Si ajabu ukaikuta imepanda. Moyo haukuugua katika dakika hiyo moja. Umesikia habari ya hofu, nao umeitikia kama uitikiavyo mbio au kilima.

Watu wengi wakifanya jaribio hilo hucheka, wakashika kazi zao. Wako wengine ambao hawawezi kucheka. Hao huhesabu tena na tena, usiku na mchana. Hupima joto la mwili, hupima shinikizo la damu, huwauliza jamaa zao kama nyuso zao zimebadilika rangi, na kila jibu jema huwatuliza kitambo kidogo tu, kisha swali likarudi. Nataka kukueleza habari za watu hao katika historia pamoja na habari za vyombo vya kupimia, maana yaonekana kwangu kuwa mambo hayo mawili yamekua pamoja. Kila chombo kilichobuniwa ili kimsaidie tabibu, kilipofika mikononi mwa mwenye hofu kilibadili kazi.

Hofu yenyewe ni ya kale kuliko vyombo. Lugha yetu inaiita wasiwasi, neno tulilolipata kwa Waarabu, ambao kwao asili yake ni mnong'ono, sauti ndogo isiyonyamaza. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka wa 934, mzaliwa wa upande wa Balkh katika nchi iitwayo leo Afghanistan, aliandika kitabu juu ya afya ya miili na ya nafsi, akaupa wasiwasi sura yake peke yake. Aliueleza kuwa ni maradhi ya nafsi, na alimshauri mwenye kusumbuliwa nao asikae peke yake, ajishughulishe na mambo yanayompendeza, na aikabili fikira mbaya kwa fikira njema. Ushauri huo una umri wa miaka zaidi ya elfu moja, na bado haujachakaa.

Matabibu wa kale walijua pia kwamba mapigo ya moyo ni shahidi anayeyumba. Celsus, Mrumi aliyeandika juu ya uganga katika karne ya 1, aliwaonya matabibu wasimrukie mgonjwa na kumshika mkono mara tu waingiapo. Tabibu mjuzi, kwa maoni yake, huketi kwanza kwa uso mkunjufu, humwuliza mgonjwa hali yake, humtuliza kwa maneno, ndipo aguse mshipa; kwani kuja kwa tabibu peke yake kwaweza kuyavuruga mapigo. Ibn Sina, aliyefariki mwaka wa 1037, naye alitaka mshipa uguswe wakati mtu hana ghadhabu wala uchovu wa kazi. Walakini watu hao hawakuhesabu kama tuhesabuvyo sisi. Walipima kwa ncha za vidole nguvu ya pigo na mwendo wake, na hukumu ilibaki kwa tabibu.

Tarakimu ilikuja baadaye. Santorio Santorio, aliyezaliwa mwaka wa 1561 na kufundisha katika chuo kikuu cha Padua, Italia, alitengeneza chombo cha uzi na timazi cha kulinganisha mwendo wa mapigo, na alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kutia alama za vipimo katika kipimajoto. Kazi yake kubwa ilikuwa kiti kilichoning'inizwa katika mizani. Kwa muda wa miaka thelathini hivi alijipima uzito, akapima chakula alichokula, kinywaji alichokunywa, na vyote vilivyomtoka. Aligundua kwamba sehemu kubwa ya uzito wa chakula hutoweka bila kuonekana, ikawa mvuke wa ngozi na wa pumzi. Kitabu chake kilitoka mwaka wa 1614, kikasomwa sana Ulaya. Kisha mwaka wa 1707 Mwingereza John Floyer, tabibu wa mji wa Lichfield, alitangaza saa iliyotengenezwa maksudi kwenda dakika moja tu, ili mapigo yahesabiwe.

Hao walikuwa wataalamu, na udadisi wao ulizaa elimu. Mwaka wa 1711 yakatokea mambo mengine. Katika gazeti la London lililoitwa The Spectator, Joseph Addison alichapisha barua ya mgonjwa asiyetajwa jina. Na hapana shaka aliitunga yeye mwenyewe, kwa mzaha wa kufundisha. Mgonjwa huyo anasimulia kwamba hakupata kusoma habari ya ugonjwa wowote asijione anao. Aliposoma kitabu cha homa, homa ilimshika muda wote wa kusoma. Aliposoma waandishi wa kifua kikuu, alijiona anakonda kwa kifua kikuu, mpaka akanenepa mno hata akaona haya kuendelea kudai hivyo. Akahamia jongo, akawa na dalili zake zote ila maumivu. Jongo likaponywa na kitabu kingine, nacho kikamwachia vijiwe.

Mwishowe akakutana na kitabu cha Santorio, akajitengenezea kiti cha mizani. Tangu siku hiyo hakula kwa saa, alikula kwa kiti. Akiona mizani imepungua, alikula mkate au kunywa pombe hafifu kiasi cha kujaza pengo. Ikizidi, alijinyima mpaka irudi. Alisoma humo, akala humo, akalala humo, hata ikawa kwa miaka mitatu ameishi katika mizani. Na je, alipata afya? La. Anamalizia barua kwa kusema kwamba amedhoofika, rangi imempotea, mapigo yake ni hafifu na mwili umejaa maji. Naye anamwomba mhariri ampe kanuni za hakika zaidi kuliko hizo alizo nazo! Nakiri kwamba kila nisomapo barua hiyo hucheka, kisha kicheko hukatika. Mtu aliyekuwa akizama katika vipimo aliomba vipimo vingine.

Addison alimjibu kwa mfano wa vita: wanaokufa wakikimbia ni wengi kuliko wanaokufa wakipigana, na hali ni hiyo hiyo kwa wale waharibuo miili yao kwa kuyakimbia mauti. Mfano huo ni mkali kidogo kwa mtu aliyeshikwa na hofu asiyoichagua.

Karne ya 19 ilifanya vyombo kuwa vidogo. Kipimajoto cha tabibu kilikuwa kirefu, na kusoma joto kulichukua dakika ishirini hivi, mpaka Thomas Clifford Allbutt alipotengeneza kile cha inchi sita mnamo mwaka wa 1866. Mwaka wa 1868 Carl Wunderlich wa Leipzig alieneza hesabu ya digrii 37, ambayo watu wameishika kama sheria, ingawa joto la mtu mwenye afya hushuka alfajiri na kupanda jioni. Mwaka wa 1896 Scipione Riva-Rocci, wa Italia, alileta kitambaa cha kufunga mkononi kwa kupima shinikizo la damu. Na mwaka wa 1983, huko Milan, wataalamu wakiongozwa na Giuseppe Mancia waliwachunguza wagonjwa ambao shinikizo lao lilikuwa likiandikwa mfululizo kutoka ndani ya mshipa. Daktari alipotokea kando ya kitanda, hesabu ya juu ilipanda kwa wastani wa 27 hivi. Celsus alikwisha kuyasema bila chombo chochote.

Charles Darwin alikuwa na umri wa miaka 22 mwaka wa 1831, akingoja bandarini Plymouth merikebu iitwayo Beagle. Moyo ulianza kumdunda, akasikia maumivu kifuani, na kwa kuwa alikuwa amesoma uganga kidogo, alisadiki kuwa ana ugonjwa wa moyo. Hakwenda kwa daktari, maana alihofu ataambiwa asisafiri, naye alikuwa ameazimia kusafiri liwe liwalo. Alisafiri karibu miaka mitano. Alipanda milima ya Amerika ya Kusini kwa miguu na kupita nyika zake juu ya farasi, na moyo huo ulipiga mpaka mwaka wa 1882.

Simwelezi kama mtu aliyejizulia ugonjwa, kwa sababu baadaye aliugua kweli miaka mingi, akatapika na kudhoofika, na wataalamu hawajapatana mpaka leo juu ya ugonjwa wenyewe. Lakini kuanzia mwaka wa 1849, baada ya kutibiwa kwa maji huko Malvern, aliweka daftari la afya, akaandika hali ya kila mchana na kila usiku, na kutia alama siku zilizokuwa njema. Aliendelea hivyo zaidi ya miaka mitano. Mnamo Januari 1855 aliacha. Kitabu chake juu ya asili ya viumbe kilitoka mwaka wa 1859, na ugonjwa haukuwa umekwisha.

Nami nimo katika habari hii, msomaji. Mwaka wa 2020, korona ilipoingia Kenya na vyuo vikafungwa, nilinunua kipimo kidogo kinachobana kidole na kuonyesha mapigo pamoja na kiasi cha oksijeni katika damu. Nilikusudia kukitumia mara moja kwa siku. Baada ya wiki tatu nilikuwa nakitumia kabla ya chai na baada ya chai, na usiku niliamka kukitafuta chini ya mto. Usiku mmoja wa Julai, wa baridi kali, kilisoma 91. Nilikaa kitandani mpaka saa kumi alfajiri, amri ya kutotoka nje ilipokwisha, nikaenda kwenye zahanati kwa miguu. Tabibu wa zamu alinitazama nilivyopanda kilima bila kuhema, akanipa beseni la maji ya moto nitie mikono. Akapima: 97. Akasema vidole vya baridi hudanganya chombo.

Nilirudi nikiwa na furaha, na jioni nilipima mara kumi na moja.

Dawa iliyonifaa ilianzia mbali na moyo. Mwaka wa 1966 Victor Meyer, wa London, alieleza jinsi alivyowatibu wagonjwa wawili waliolazimika kurudia vitendo fulani bila kukoma: walizuiwa kuvitenda, hofu ikapanda, kisha ikashuka yenyewe. Mwaka wa 1986 Paul Salkovskis na Hilary Warwick walionyesha kwamba mwenye hofu ya maradhi naye yumo katika mtego huo huo. Kujipima na kuomba hakikisho humtuliza, na utulivu huo wa muda ndio unaoilisha hofu. Mama yangu, mwenye presha, hujipima kila asubuhi kwa amri ya daktari wake, huandika, akafunga daftari. Hilo ni jambo jingine kabisa. Mshauri niliyemwendea hakunikataza kuona daktari nikiugua. Alinitaka niache kukigusa kipimo bila sababu, kwanza usiku, kisha asubuhi, niandike saa hofu ianzapo na saa ishukapo.

Usiku wa kwanza ilidumu dakika hamsini. Usiku wa tano, ishirini na tano. Usiku wa tisa ilirudi ikawa dakika arobaini, nikakaribia kukata tamaa. Mwezi wa pili nilipitiwa na usingizi kabla sijaandika saa ya pili. Kipimo kimo sasa katika kabati la huduma ya kwanza la bweni la chuo chetu, na ufunguo anao matroni.