Tezi, Mitoki na Uboho: Historia Fupi ya Majina ya Saratani za Damu

Yasemekana mara nyingi kwamba upungufu wa lugha ni kukosa neno. Uzoefu wetu katika kazi ya istilahi umetuonyesha kwamba upo upungufu mwingine ulio mbaya zaidi, nao ni kuwa na neno ambalo msemaji analielewa hivi na msikilizaji analielewa vile.

Tulipokuwa Moshi kukusanya maneno ya tiba ya mifugo, tulisimuliwa kisa cha mzee mmoja wa mlimani aliyemteremsha mbwa wake mjini kwa daktari. Mbwa huyo, mlinzi wa kihamba kwa miaka saba, alikuwa na uvimbe chini ya taya, mbele ya mabega na nyuma ya magoti, wala hakulia alipobonyezwa. Daktari akamwambia, "Mzee wangu, hii ni saratani ya tezi." Mzee akamtazama, akajibu, "Daktari, mbwa wangu ni jike. Tezi dume ameipata wapi?" Akaona kwamba mnyama wake hakupimwa sawasawa, akaondoka. Aliporudi baada ya wiki tano, mbwa hakuwa wa kutibiwa tena.

Daktari hakukosea kuutambua ugonjwa, na mzee hakukosea kuijua lugha yake. Katika miaka ya karibuni tezi inayotajwa sana pamoja na saratani ni tezi dume, na mwananchi alifuata mazoea hayo. Kosa lilikuwa la jina, na majina ndiyo kazi yetu. Katika makala haya tutajaribu kueleza jinsi magonjwa ya namna hii yalivyopata majina, na ni mafunzo gani tunayoweza kuyapata.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Mwili wa mbwa, kama wa binadamu, una chembe nyeupe za damu zinazoulinda. Baadhi yake, ziitwazo limfosaiti, hukaa katika tezi ndogo zilizotawanyika mwilini. Chembe hizi zikianza kuzaana bila kiasi ndani ya tezi, ugonjwa huitwa limfoma. Chembe changa za damu zikiharibika tangu huko zinakotengenezwa, yaani katika uboho wa mifupa, zikafurika katika damu, ugonjwa huitwa lukemia. Mwaka 1832, huko London, Thomas Hodgkin alieleza habari za wagonjwa waliovimba tezi. Mwaka 1847 Rudolf Virchow wa Ujerumani aliunda jina la lukemia kutokana na maneno ya Kiyunani yenye maana ya damu nyeupe. Kwa hiyo jina la kwanza la kitaalamu la ugonjwa huo lilitokana na rangi iliyoonekana kwa macho, si asili ya ugonjwa.

Mtindo huo wa kutaja kinachoonekana, au mahali kinapoonekana, ni wa kawaida pia katika Kiswahili. Mfano ulio karibu sana na Moshi ni wa Kibong'oto, kwenye miteremko ya magharibi ya Kilimanjaro, ambako hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu ilianzishwa mwaka 1926. Kifua kikuu ni jina zuri, lenye kueleweka na kila mtu. Lakini ugonjwa huo haukai kifuani peke yake. Hushika mifupa, hushika na tezi za shingo, nasi tukalazimika kusema "kifua kikuu cha tezi", yaani kifua kilichohamia shingoni! Jina linalotaja mahali hutufaa mpaka siku ugonjwa unapohama.

Jambo hilo hilo liliwapata wataalamu katika Afrika ya Mashariki. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt alianza kuona watoto wenye uvimbe mkubwa wa taya. Mwaka 1958 aliandika juu yake akiuita sarkoma ya taya. Baadaye ilibainika kwamba watoto hao hao walikuwa na uvimbe tumboni na penginepo, na kwamba chembe zilizohusika ni limfosaiti. Basi "taya" likaanguka, "sarkoma" likaanguka, na ugonjwa ukajulikana ulimwenguni kote kuwa limfoma ya Burkitt. Mwaka 1961 Burkitt na wenzake wawili walisafiri kwa gari kiasi cha kilometa 16,000, kutoka Uganda kupitia Kenya na Tanganyika hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Waligundua kwamba karibu na Ikweta ugonjwa huo huwa haba katika nchi zilizo juu ya mita 1,500 hivi, na kadiri mtu aendavyo kusini ndivyo mpaka huo ushukavyo. Kwa mtu wa Kilimanjaro maana yake ni wazi: mstari wa namna hiyo unaweza kupita katika mteremko wa mlima mmoja.

Iko njia ya pili, nayo ni kukopa. Wafugaji wetu huita ndigana kali ugonjwa wa ng'ombe uletwao na kupe, ambao huvimbisha tezi na kuzifanya chembe nyeupe zizaane mfano wa saratani. Ndigana ni neno linalofanana na oltikana la Kimaasai. Halitaji mahali wala dalili, na kwa sababu hiyo halijapata kumdanganya mtu. Saratani nalo tulilipata kwa Waarabu, ambao kwao lina maana ya kaa wa baharini, kama ilivyo kwa Wayunani na Warumi katika majina yao ya ugonjwa huu. Ingawa watu wengi husema kansa, saratani limethibiti katika maandishi ya serikali, na tangu mwaka 1996 limo katika jina la Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam.

Je, limfoma tuiiteje? Wako wanaopendelea "saratani ya mitoki". Mtoki ni neno letu la asili, nalo ni uvimbe wa kinenani au kwapani utokanao aghalabu na kidonda cha mguu au mkono. Tunalipenda neno hili, lakini tunaliogopa. Kila mama anajua kwamba mtoki hunywea wenyewe kidonda kikipona, na ugonjwa huu haungoji. Mbwa mwenye limfoma asiyetibiwa aghalabu hufa katika mwezi mmoja au miwili. Akipewa mchanganyiko wa dawa, ikiwamo vinkristini itokanayo na ua la Madagaska, wengi huishi kadiri ya mwaka mmoja. Kupona kabisa ni nadra. Jina lenye kumwambia mtu angoje si jina la kumsaidia.

"Saratani ya damu" nalo linafaa kwa matumizi ya jumla, lakini limfoma inaweza kuenea hadi kwenye damu, na lukemia inaweza kuvimbisha tezi. Tofauti iko katika chanzo, na chanzo ndicho kinachoamua tiba. Lukemia ya ghafla humwua mbwa upesi hata akitibiwa, ilhali lukemia sugu ya limfosaiti huweza kutulizwa kwa vidonge muda mrefu. Tena si kila tezi iliyovimba ni saratani. Erlikia, ugonjwa uletwao na kupe wa mbwa, huvimbisha tezi na kupunguza damu, nao hutibika kwa doksisaiklini. Ndiyo maana daktari huchoma sindano nyembamba katika tezi, hasa ya begani au ya nyuma ya goti, kwa kuwa ile ya taya huweza kuvimba kwa jino bovu tu, kisha huzitazama chembe kwa hadubini.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya. Kwanza, limfoma na lukemia yakubaliwe kuwa majina rasmi, kwa binadamu na kwa wanyama, kama tulivyoikubali ndigana. Pili, kila moja liandamane na maelezo yanayotaja chanzo: limfoma ni saratani inayoanzia katika chembe za tezi za limfu, lukemia ni saratani ya chembe za damu inayoanzia katika uboho. Tatu, neno "tezi" lisiachwe peke yake kamwe. Isemwe ni tezi ipi.

Huenda msomaji akaona kwamba tunahangaikia mbwa. Lakini Moshi ndiko iliko Hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, ambako watu wa miteremko ile ile huwapeleka watoto wao. Neno lililomrudisha mzee nyumbani na mbwa wake laweza kumrudisha mama na mwanawe. Tunawaomba madaktari, wauguzi, wataalamu wa mifugo na wananchi watuletee maneno wanayoyatumia huko waliko, ili istilahi zitakazopitishwa ziwe zile zinazosikika sawa pande zote mbili za meza.