Uhura Alisahau Kila Kitu, Kiswahili Kikabaki

Nyanya alipopata kiharusi mwaka jana, nilikuwa nimerudi Kalokol miezi minne tu. Chuo nilikiachia mwaka wa pili. Ada ilinishinda na, kusema kweli, hata hamu ilikuwa imeisha. Mchana nilikuwa naandika makala za watu kwenye mtandao, usiku natazama Star Trek ya zamani hadi lapitopu iishe chaji.

Ndivyo nilivyokutana na kipindi kinachoitwa The Changeling, kilichorushwa Marekani Septemba 29, 1967. Roboti moja iitwayo Nomad inamsikia Luteni Uhura akiimba, inashindwa kuelewa kuimba ni nini, basi inafuta akili yake yote. Ubongo wenyewe, tunaambiwa, haukuumia. Ni maarifa tu yaliyotoka. Kwa hiyo Nesi Chapel anaanza kumfundisha kusoma upya kama mtoto wa chekechea. Uhura anakwama kwenye neno moja dogo la Kiingereza, hasira zinampanda, na kinachomtoka mdomoni ni Kiswahili.

Nilisimamisha video. Nikarudisha nyuma. Kiswahili kabisa, jamani.

Hakikuingia hapo kwa bahati. Nichelle Nichols, aliyeigiza Uhura, alikwenda kwenye usaili akiwa na riwaya ya Robert Ruark ya mwaka 1962 inayohusu Kenya, jina lake Uhuru. Mtunzi wa mfululizo, Gene Roddenberry, alilipenda neno hilo, na mwishoni likawa Uhura. Hata katika kipindi cha kwanza kabisa kurushwa, Septemba 8, 1966, kuna kiumbe kinachojigeuza mwanamume na kumsemesha Uhura kwa Kiswahili. Wakati huo Kenya ilikuwa haijafikisha hata miaka 3 ya uhuru wake.

Lakini upande wa sayansi, The Changeling ilichemsha. Mhispania Santiago Ramón y Cajal alishaonyesha kwamba seli za ubongo hazijaungana kama mabomba. Kila moja inasimama peke yake. Mwaka 1897 Mwingereza Charles Sherrington akapaita mahali zinapokutana sinapsi. Kwenye sinapsi nyingi kuna pengo dogo mno, na ujumbe huvuka kwa kemikali. Ubongo wa mtu una seli za neva kama bilioni 86, na kila moja yaweza kuwa na maelfu ya sinapsi.

Halafu mwaka uleule wa 1966, kule Oslo, Terje Lømo aliona jambo kwenye ubongo wa sungura: ukizichochea njia fulani za neva mara nyingi kwa kasi, mawasiliano yake huimarika na kubaki hivyo kwa saa nyingi. Yeye na Tim Bliss walichapisha matokeo hayo mwaka 1973. (Ndiyo, ni Norway hiyohiyo iliyotujengea kiwanda cha samaki hapa Kalokol.) Leo wanasayansi wengi wanakubali kwamba kumbukumbu hukaa kwa sehemu kubwa kwenye hiyo miunganisho, inavyokazwa na kulegezwa.

Mvuvi yeyote wa hapa ataelewa. Kusema maarifa yametoka lakini ubongo uko salama ni kama kufungua mafundo yote ya wavu, kisha umwambie mwenyewe asijali, nyuzi zote zipo.

Na mafundo hayaachi alama. Kaskazini yetu, Nariokotome, mwaka 1984 Kamoya Kimeu aliona kipande cha fuvu la mtoto aliyeishi yapata miaka milioni 1.5 iliyopita, yule tunayemwita Turkana Boy. Fuvu lile limetuambia kwamba ubongo wake ulikuwa na ujazo wa kama sentimita za ujazo 880. Lakini alimwitaje mama yake, kama alimwita? Hilo lilikaa kwenye sinapsi, na sinapsi hazigeuki mawe. Kimeu na Nichols walifariki mwezi mmoja, Julai 2022.

Sasa nyanya. Ng'aturkana aliipata kwa mama yake. Kiswahili alikipata ukubwani, akiuza samaki wakavu kwa wenye malori kutoka Kitale. Kiharusi kilichukua Kiswahili chote. Ng'aturkana ilibaki vipandevipande. Mwaka 1881 Mfaransa Théodule Ribot aliandika kwamba kilichojifunzwa kwanza ndicho huwa cha mwisho kupotea. Mwaka 1895 mwenzake Albert Pitres akasema hapana, mara nyingi hurudi kwanza lugha iliyozoeleka zaidi. Wagonjwa wamewapa haki wote wawili, na wengine wamewakatalia wote wawili.

Mimi nilikulia Lodwar, nikisema Kiswahili na Kiingereza. Ng'aturkana yangu ni ya salamu na kuomba chakula. Kwa hiyo nikajifanya Nesi Chapel. Kila asubuhi nilikaa mbele ya nyanya na vitu vya jikoni: sufuria, kijiko, kikombe. "Nyanya, sema maji." Kimya. "Maji." Kimya. Siku ya nne akanipiga kofi la mkono, akaninyang'anya kikombe.

"Ngakipi!"

Nilicheka, halafu nikaona aibu. Mwanamke mzima, mwenye kiu, anashikiliwa kikombe mpaka ataje jina la maji kwa lugha ya mjukuu. Kwenye runinga hasira ya Uhura ilinifurahisha kwa sababu lugha iliyomtoka ilikuwa yangu.

Uhura anaambiwa atarudi kazini ndani ya wiki moja. Sisi tuko mwezi wa tisa, na mwanafunzi amebadilika. Sasa nyanya ndiye anayeonyesha kitu, mimi ndiye ninayekwama. Nikikosea anatikisa kichwa. Nikipatia, ananikabidhi kikombe.