Rekodi Moja, Bloku Moja: Historia ya Kikomo cha Ukubwa wa Rekodi katika dbm, 1979–1993

Mwaka 1979 toleo la saba la mfumo endeshi wa Unix lilitoka katika maabara za Bell likiwa na maktaba ndogo ya programu iliyoitwa dbm, kazi ya Ken Thompson. Maktaba hiyo ilihifadhi jozi za ufunguo na data katika faili mbili: ya .pag, iliyobeba data yenyewe, na ya .dir, iliyobeba ramani ya biti. Mwongozo wake ulitoa ahadi kubwa, kwamba hifadhidata ingeweza kufikia bloku bilioni moja na kila rekodi ingepatikana kwa kusoma faili mara moja au mbili tu. Mwongozo huohuo uliweka sharti kwamba jumla ya ufunguo na data yake isizidi baiti 512. Ghala lilikuwa pana mno, lakini kila mzigo ulioingia ulipaswa kuwa mdogo.

Ni rahisi kulichukulia sharti hilo kuwa uzembe wa mbunifu. Insha hii inashikilia kinyume chake. Katika dbm, ufunguo hugeuzwa kuwa namba kwa kanuni ya hashi, na biti chache za namba hiyo huonyesha bloku inayohusika. Bloku ikijaa hugawanywa: biti moja zaidi hutumika, na sehemu ya rekodi huhamia bloku mpya. Rekodi iliyo kubwa kuliko bloku haiponi kwa dawa hiyo, kwani bloku igawanywe mara ngapi, rekodi haitaenea. Hata rekodi ndogo zaweza kukataliwa iwapo funguo zake zina hashi moja na kwa pamoja zimezidi bloku. Kuiruhusu rekodi imwagikie bloku nyingine kungehitaji mnyororo wa bloku na kumbukumbu ya nafasi zilizo wazi, na ahadi ya kusoma mara moja au mbili ingevunjika. Ikumbukwe kwamba Unix hiyo iliendeshwa kwenye kompyuta za PDP-11, ambako programu moja haikuweza kuona zaidi ya baiti 65,536 za data kwa wakati mmoja.

Gharama ya mapatano hayo, hata hivyo, ilibebwa na watu wengine. Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilipanua bloku hadi baiti 1,024, na mwaka 1986 toleo la 4.3BSD likaleta ndbm, iliyowezesha programu moja kufungua hifadhidata zaidi ya moja. Kikomo kilibaki. Sendmail, programu ya barua pepe ya Eric Allman, ilihifadhi lakabu za wapokeaji katika dbm, na orodha ya kundi kubwa la watu huzidi baiti elfu moja upesi. Mwongozo wa lakabu ulikiri tatizo hilo chini ya kichwa cha kasoro, ukashauri jina la mwisho katika orodha liwe jina bandia linaloelekeza kwenye lakabu nyingine yenye majina yaliyosalia. Kwa maoni yangu, ushauri huo ndio ushahidi mzito kuliko wote katika historia hii: mnyororo ambao Thompson aliukwepa ndani ya programu ulikuja kusukwa kwa mkono na msimamizi wa mfumo, jina kwa jina.

Suluhisho lilipatikana kwa kuukubali mnyororo. Philip A. Nelson aliandika gdbm kwa ajili ya mradi wa GNU bila kikomo hicho. Mwaka 1991 Margo Seltzer na Ozan Yigit waliwasilisha mbele ya USENIX maktaba mpya ya hashi, ambayo jozi kubwa iliweza kuenea katika kurasa kadhaa za ziada. Maktaba hiyo iliingia katika 4.4BSD mwaka 1993.

Yigit huyohuyo alikuwa ameandika sdbm, nakala huru ya ndbm iliyorithi kikomo cha zamani. Lugha ya Perl iliichukua, na hadi leo maelezo yake humwonya mtumiaji kwamba ufunguo na data kwa pamoja visizidi baiti 1,008.