Kiswahili cha Amri na Kiswahili cha Raia

Tarehe 25 Januari 1971, Jenerali Idi Amin alimpindua Rais Milton Obote. Mwaka 1973 akatangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Lakini raia wengi walikisikia vinywani mwa askari wenye bunduki, wakakichukia pamoja na udikteta wenyewe. Amin aliangushwa Aprili 1979, ila serikali zilipinduliwa tena kwa silaha mwaka 1980, 1985 na 1986. Katiba mpya ilipatikana mwaka 1995, na marekebisho ya 2005 yakakifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili. Basi sisi walimu wa huku Bulembia, penye machimbo ya shaba ya Kilembe, tusifundishe Kiswahili cha amri tu. Mwanafunzi ajue pia kuuliza, kupinga kwa hoja na kumtaka kiongozi atoe hesabu.