Sauti Kama Kazi: Julie Andrews na Tamthilia ya Muziki

Wahakiki wengi huisifu sauti ya mwigizaji wa tamthilia ya muziki kama tunu aliyozaliwa nayo. Kumbukumbu za Julie Andrews, zilizochapishwa katika vitabu viwili, Home (2008) na Home Work (2019), zinatupa sababu ya kuutilia shaka mtazamo huo. Makala haya yanadai kwamba sauti ya jukwaani hujengwa kwa mazoezi na huchakaa kwa kutumika, hivyo inastahili kuhakikiwa kama kazi.

Andrews alizaliwa Uingereza mwaka 1935. Mama yake alikuwa mpiga piano na baba yake wa kambo mwimbaji, nao walijipatia riziki katika kumbi za burudani. Mwaka 1947, akiwa na umri wa miaka 12, aliimba kipande kigumu cha opera katika onyesho la Starlight Roof jijini London, na watu wakastaajabu. Lakini binti huyo alikuwa tayari mwanafunzi wa Lilian Stiles-Allen, mwalimu aliyesisitiza utamkaji safi wa kila neno. Kilichoonekana kuwa muujiza kilikuwa na ratiba ya masomo nyuma yake.

Broadway ilimpokea katika The Boy Friend tarehe 30 Septemba 1954, siku moja kabla hajatimiza miaka 19. Mtihani mkubwa zaidi ulikuja na My Fair Lady. Eliza Doolittle, muuza maua anayefunzwa kuzungumza kama mabwanyenye, humtaka mwigizaji apige makelele kwa lafudhi ya mitaa ya London, kisha usiku huohuo aimbe kwa sauti nyororo ya juu. Koo moja hubeba kazi mbili zinazopingana.

Wakati wa mazoezi, Andrews hakumweza Eliza. Mwongozaji Moss Hart aliwaruhusu waigizaji wengine wapumzike, akabaki naye mwisho wa juma mzima, wakilipitia igizo mstari kwa mstari. Mwenyewe Andrews amekiri mara nyingi kwamba siku zile ndizo zilizomjenga. Onyesho lilizinduliwa New York tarehe 15 Machi 1956, likaendelea hadi maonyesho 2,717. Ukijumlisha New York na London, yeye alimwigiza Eliza kwa zaidi ya miaka 3, maonyesho 8 kwa wiki.

Hapa ndipo uhakiki unapopaswa kutua. Hadhira huliona onyesho mara moja. Mwigizaji hulizaa upya kila jioni, awe na mafua au uchovu, na mtazamaji wa usiku wa mia tano ana haki sawa na yule wa uzinduzi.

Sinema ya My Fair Lady iliyotolewa mwaka 1964 inaonyesha tofauti kati ya kazi hiyo ya jukwaani na ile ya mbele ya kamera. Nafasi ya Eliza alipewa Audrey Hepburn, na nyimbo nyingi zikaimbwa na Marni Nixon ambaye haonekani. Kamera iliweza kuutenganisha mwili na sauti. Andrews, kila usiku jukwaani, alilazimika kuvileta vyote viwili pamoja.

Huenda mtu akapinga kwamba kipaji kipo, na kwamba si kila anayefanya mazoezi huwa Andrews. Ni kweli. Hata hivyo, kipaji peke yake hakielezi kilichotokea baadaye. Mwaka 1995, alipokuwa ametimiza miaka 60, alirudi Broadway katika Victor/Victoria. Mwaka uliofuata alikataa uteuzi wake wa Tuzo ya Tony kwa kuwa wenzake katika onyesho hilo walikuwa wamesahauliwa. Kitendo hicho kilitangaza hadharani kwamba tamthilia ya muziki ni jasho la wengi. Sauti yake ilipata matatizo wakati wa onyesho hilo, na baada ya upasuaji wa koo mwaka 1997 hakuweza tena kuimba kama zamani.

Kulitaja tukio hilo kama bahati mbaya ya mtu mmoja ni kuyafumbia macho mazingira ya kazi. Mchezaji kandanda akiumia goti, tunauliza alicheza mechi ngapi na alipumzika lini. Mwimbaji wa jukwaani anastahili maswali hayohayo: ratiba ya maonyesho, siku za mapumziko, waigizaji wa akiba, walimu wa sauti na mikataba. Hizo ni nyaraka ambazo wataalamu wa sanaa za maonyesho wanaweza kuzikusanya na kuzisoma kwa makini uleule wanaoutoa kwa matini na muziki.