Ombi la Malipo ya Ulemavu Likikataliwa: Mwongozo kwa Waliotumikia Jeshi la Marekani

Ulitumikia jeshi la Marekani, ukatoka na maumivu, ukaomba malipo ya ulemavu. Sasa barua imefika: ombi limekataliwa. Wengi huiweka kabatini na kuendelea kuvumilia. Usifanye hivyo. Mara nyingi idara ya wanajeshi wa zamani, inayojulikana kama VA, haisemi kwamba huumwi. Inasema kuna jambo ambalo halijathibitishwa. Kazi yako ni kulijua jambo hilo na kupeleka uthibitisho kabla ya mwaka mmoja kupita.

Soma barua kwanza

Tafuta sehemu inayoeleza sababu. Kwa kawaida VA hutaka kuona mambo matatu:

1. Una ugonjwa au jeraha sasa, na mtaalamu wa afya amelithibitisha.
2. Kuna jambo lililokupata ukiwa jeshini, kama vile kuanguka, mlipuko, kelele za silaha au moshi.
3. Jambo hilo ndilo lililosababisha ugonjwa huo, au liliuzidisha.

Tuseme goti linakuuma na picha ya eksirei inaonyesha limeharibika. Faili la jeshi nalo linaonyesha ulianguka mazoezini. Bado unaweza kukataliwa kama hakuna daktari aliyeandika kwamba goti la leo linatokana na kuanguka kule. Mwombe daktari wako asome faili la jeshi, kisha aandike maoni yake na sababu zake. Si lazima awe na uhakika kamili. Inatosha akiona kuwa uwezekano ni angalau asilimia 50. Ushahidi wa pande mbili ukilingana uzito, sheria inaitaka VA iamue kwa faida yako.

Kama kumbukumbu za jeshi zina mapengo, askari mwenzako aliyekuwepo anaweza kuandika maelezo. Mke, mume au ndugu pia anaweza kueleza anachokiona nyumbani: huwezi kupanda ngazi, hulali, unashtuka usiku.

Kwa magonjwa fulani, sheria hukubali uhusiano huo bila wewe kuuthibitisha. Sheria ya PACT ya mwaka 2022 iliongeza magonjwa mengi ya waliovuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka, wakiwemo waliokuwa Iraq na Afghanistan. Kama ulikataliwa kabla ya hapo, unaweza kuomba tena.

Njia tatu za kupinga uamuzi

- Ombi la nyongeza (fomu 20-0995). Linakufaa ukiwa na ushahidi mpya unaohusu ombi lako, kama barua ya daktari.
- Mapitio ya ngazi ya juu (fomu 20-0996). Afisa mwenye uzoefu zaidi hupitia faili lilelile. Ushahidi mpya haupokelewi. Inafaa ukiona VA ilikosea katika yaliyokwisha kuwasilishwa.
- Rufaa kwa Bodi (fomu 10182). Jaji husikiliza au husoma shauri lako. Unachagua: asome faili lilivyo, uongeze ushahidi, au uombe kikao cha kusikilizwa.

Hesabu mwaka mmoja kuanzia tarehe iliyoandikwa kwenye barua, si siku uliyoipokea. Ombi la nyongeza linaweza kupelekwa hata baadaye, lakini ukichelewa kwa kawaida unapoteza malipo ya nyuma yanayohesabiwa tangu ombi lako la kwanza.

Siku ya uchunguzi wa afya

VA inaweza kukuita upimwe. Usikose kwenda. Kama una dharura, piga simu mapema ubadilishiwe siku.

Hapa sisi tuliolelewa kwa Kiswahili tuna mtego wetu. Tukiulizwa hali, tunajibu "nzuri" au "sijambo" hata mgongo ukiwa hauinuki. Ukiongeza na ukakamavu wa kijeshi, mpimaji ataandika kwamba huna tatizo. Heshima ya salamu ibaki kwenye salamu. Ukiulizwa kuhusu maumivu, eleza siku zako mbaya: huja mara ngapi, unashindwa kufanya nini, umekosa kazi siku ngapi. Usizidishe, usipunguze.

Endelea na matibabu pia. Kila unapohudhuria kliniki kumbukumbu inaandikwa. Maumivu unayoyanyamazia hayaonekani kwenye faili.

Nani atakusaidia

Vyama kama DAV, American Legion na VFW vina wawakilishi walioidhinishwa na VA, na huduma yao ya maombi na rufaa ni bure. Wakili aliyeidhinishwa anaweza kutoza ada baada tu ya VA kutoa uamuzi wa kwanza. Anayetaka pesa ili akujazie ombi la kwanza, mkimbie.

Usisubiri rufaa ndipo utibiwe

Rufaa inaweza kuchukua miezi, hata miaka. Vituo vinavyoitwa Vet Center hutoa ushauri nasaha bure kwa waliokuwa vitani, hata kama hawapokei malipo ya ulemavu. Ukianza kufikiria kujidhuru, au ukiona mwenzako amefikia hapo, piga 988 kisha bonyeza 1, saa yoyote, mchana au usiku.