Khati ya Anna Magdalena

Wapenzi wa mashairi wanaujua ubishi huu: ubeti mmoja, wasomaji wawili, na kila mmoja anaapa kwamba mwenziwe ameusoma kombo. Tenzi zetu za kale ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo katika mikono ya waandishi wengi hazikutenganisha e na i, wala o na u. Ikawa msomaji hana budi kuamua. Ubishi wa namna hiyo upo pia katika muziki wa Johann Sebastian Bach, Mjerumani. Tofauti ni kwamba huko wasomaji wenyewe wameacha sauti zao katika santuri, nasi tunaweza kuwaketisha pamoja na kuwasikiliza.

Baina ya 1717 na 1723 Bach aliongoza wanamuziki wa kasri ya Köthen. Yapata 1720 alitunga mifululizo sita ya chelo, ile fidla kubwa ya sauti nzito ambayo wapenzi wa taarabu ya Unguja wameizoea nyuma ya safu ya fidla ndogo. Hapa chelo iko peke yake, haina wa kuiitikia. Kila mfululizo una dibaji, kisha ngoma tano, miongoni mwazo sarabande, ambayo ndiyo ya polepole kuliko zote.

Muswada wa Bach mwenyewe umepotea. Kilichobaki ni nakala za watu wengine, na mbili za kale zaidi ni ya Johann Peter Kellner, mpiga kinanda cha kanisani, ya mwaka 1726, na ya Anna Magdalena, mke wa pili wa Bach, iliyoandikwa miaka michache baadaye. Bibi huyu alikuwa mwimbaji wa kasri kabla hajawa mama wa nyumba iliyojaa watoto, na khati yake ilifanana na ya mumewe hata wataalamu wakazichanganya. Noti zake zinasomeka vizuri. Shida iko katika vitao, yaani mistari midogo iliyopinda juu ya noti, inayomwambia mpigaji ni noti zipi azitoe kwa mvuto mmoja wa upinde. Mara kitao kimefunika noti tatu, mara kimeteleza, hujui kimeanzia wapi wala kimeishia wapi. Na sauti zile zile zikirudi, vitao havirudi vile vile. Kellner naye ana vyake. Mwenye kutunga ushairi ataelewa uzito wa jambo hili mara moja: herufi zote zipo, lakini vituo vimevurugika.

Katika karne ya 19 mifululizo hii haikupewa heshima kubwa. Wengi waliiona kama mazoezi ya vidole. Schumann aliiandikia piano ya kuisindikiza, kana kwamba chelo peke yake ni mtu aliyetoka nje bila kanzu. Mwaka 1890 kijana wa miaka 13, Pablo Casals wa Catalonia, aliikuta katika duka la vitabu vya muziki karibu na bandari ya Barcelona. Alikaa nayo yapata miaka 12 kabla ya kuthubutu kuipiga hadharani, naye akaipiga kila mfululizo mzima, bila kudonoa vipande.

Alipokubali kuirekodi yote alikuwa na miaka 59. Wa pili na wa tatu aliirekodi London, Novemba 1936, vita vya Hispania vikiwa vimeanza miezi minne tu nyuma. Wa kwanza na wa sita, Paris, Juni 1938. Wa nne na wa tano, Paris tena, Juni 1939, wakati Franco amekwishashinda na Casals hana tena kwao. Kampuni ni ile ile ya nembo ya mbwa na gramafoni iliyomrekodi Siti binti Saad huko Bombay mwaka 1928, na sheria ya chombo ilikuwa ile ile: upande mmoja wa santuri uliingiza dakika nne na kidogo, ukiisha umekwisha. Taarabu ililazimika kujikata. Ngoma za Bach zilienea kwa bahati, kwani nyingi ni fupi.

Wengi husema katika sarabande ya tano ya Casals wanausikia msiba wa nchi yake. Sikatai kwamba upo, ila mimi huona sifa hiyo inampunja. Kinachonishika ni namna anavyouvuta upinde kama mtu aendeshaye hoja: hapa anakaza, hapa anaachia, na mapigo hayamtoki. Santuri zinakwaruza, na pengine sauti inakwenda kombo kidogo, hakuna kinachokufa. Lakini ukuu huo ulikuwa na gharama yake. Kwa miaka mingi wapigaji walimfuata Casals kama vile yeye ndiye muswada, na khati ya Anna Magdalena ikabaki katika maktaba ya Berlin.

Aliyewarudisha watu kwenye khati hiyo kwa sauti kubwa kuliko wengine ni Anner Bylsma, Mholanzi. Yeye alishikilia kwamba vitao vya bibi yule si uzembe. Huenda ukaidi wake ndio usemi wenyewe wa Bach. Mwaka 1979 alirekodi mifululizo yote kwa chelo ya mtindo wa kale. Ukitoka kwa Casals ukaingia kwake, kwanza utadhani umepunjwa: sauti ni nyepesi, noti hazikuunganishwa, kila kishazi kina pumzi yake. Vumilia hadi ngoma ya pili. Utaanza kusikia mtu anayezungumza, na utajua kwamba Casals alikuwa akihutubia.

Wengine nitawapita upesi. Fournier wa 1960 ni mwungwana, hakosei adabu hata mahali ambapo ningependa akosee. Rostropovich alirekodi katika kanisa la kale la Vézelay, Ufaransa, mwaka 1991, na mwangwi wa mawe umefunika vitao vyote. Ni fahari, ila kwangu jengo linasikika kuliko Bach.

Anayetaka kulinganisha aanze na hiyo hiyo sarabande ya tano. Imeandikwa bila noti mbili za kupigwa kwa pamoja hata mara moja, ni uzi mtupu wa sauti, basi mpigaji hana pa kujificha. Na mfululizo huu ndio pekee ambao khati ya Bach ipo, ingawa ni kwa chombo kingine: aliuandika upya kwa ajili ya udi wa Kizungu. Sikiliza Casals, kisha Bylsma wa 1979, halafu Bylsma yule yule wa 1992, aliyerudia yote kwa chelo kubwa ya Stradivari. Mtetezi wa khati ile hakukubaliana hata na nafsi yake: pumzi zimerefuka, na palipokuwa na kituo pana mteremko. Yo-Yo Ma amerekodi mifululizo hii mara tatu. Santuri yake ya mwisho ilitoka 2018, akiwa na miaka 62, umri aliokuwa nao Casals katika ile Juni ya Paris.